Msiba wa Baba Yake Selam

Zinash Tadele alikuwa mwongo. Sisemi kwa ubaya, maana pale mtaani kwetu Gulele, Addis Ababa, hakuna asiyempenda, na mimi wa kwanza. Nasema vile vile ambavyo ningesema fulani ni fundi cherehani. Kazi aliijua. Waongo wengine hubwabwaja, jasho linawatoka, umewauliza moja wanakujibu kumi. Zinash alikupa uongo mdogo, msafi, halafu akanyamaza, akaendelea kumenya vitunguu vyake.

Ufundi huo kafundishwa na nani? Na mama yake mzazi, tena bure, tangu ana miaka saba. Bi Yeshimebet alikuwa mwalimu wa nidhamu wa shule ya msingi, na nidhamu yake hakuiacha shuleni saa kumi ikigonga. Alirudi nayo nyumbani. Alikagua mkoba. Alinusa viganja vya mtoto ajue kala mkate wa nani. Kutoka shuleni hadi mlangoni kwao ni dakika kumi na nne, alizipima mwenyewe kwa miguu yake, na ya kumi na tano ilikuwa na kesi. Mtoto akisema kweli, "Mama, nilisimama kuangalia paka," anapata adhabu ya paka. Akisema mwalimu aliwachelewesha, anapewa chai. Sasa wewe mwenye akili zako ungechagua nini?

Alipoingia chuo cha ufamasia, ambacho Mama ndiye aliyekichagua, msako ukahamia kwenye simu ya video. "Zinash, nionyeshe ukuta. Geuza. Huyo aliyekaa nyuma yako ni nani? Mwambie avae vizuri." Wenzake wakamzoea Mama kuliko walivyowazoea wahadhiri.

Baba yake, Mzee Tadele, alikuwepo. Alikuwa mtu wa gazeti. Kila akiulizwa jambo gazeti lilipanda juu kidogo.

Ubaya wa ufundi ni kwamba mkono haupumziki. Zinash alianza kudanganya hata pasipo na faida. Mwenzake akimuuliza, "Umekula nini leo?" naye kala mchuzi wa shiro, anajibu, "Dengu." Kwa nini dengu? Hata mwenyewe hajui, zilitoka tu. Na ukimuuliza, "Zinash, wimbo huu unaupenda?" kwanza anakuangalia usoni ajue wewe unaupenda au la, kisha anakupa jibu lako. Ana miaka ishirini na minne, msichana mzuri, mcheshi, na hakuna mtu Addis nzima aliyemjua, yeye mwenyewe akiwemo.

Mtu pekee aliyekuwa na msimamo katika maisha yake alikuwa Selam, na Selam hakuwepo.

Alimzaa kichwani mwake, mwaka wa kwanza chuoni. Alitaka saa mbili tu za kutembea bila kuulizwa, akasema amekwenda kusoma kwa rafiki yake Selam. Siku ya kwanza nusura aharibu. Mama aliuliza, "Wamekupa chakula gani?" Zinash akajibu, "Mayai." Ilikuwa Jumatano! Bi Yeshimebet akaweka mwiko chini. "Mayai, siku ya mfungo? Hao ni watu gani?" Zinash hakupepesa jicho. Akasema Selam ana vidonda vya tumbo, padri wao kamruhusu. Mama akalainika papo hapo. "Maskini mtoto wa watu! Na bado anasoma?" Tangu siku hiyo Selam akawa na tumbo bovu na nafasi moyoni mwa Bi Yeshimebet.

Na mpende msipende, Selam akakua. Zinash akitamani kitu, anampa Selam akiseme. Selam kakata nywele fupi kabisa. Mama alicheka: "Ana uso wa kuzibeba?" Selam hapendi ufamasia, dawa zinamtia kichefuchefu. Mama alitikisa kichwa: "Basi wasimlazimishe, atakuja kuwapa watu sumu." Mwaka jana, Jumapili moja wanakunywa kahawa, bakuli la bisi katikati, Zinash alisema kwa sauti ya kupita njia kwamba Selam anataka kujifunza udereva wa treni. Treni ile inayoshuka hadi Djibouti.

Bi Yeshimebet alikaa na kikombe hewani. "Treni?"

"Treni, Mama."

"Huyo msichana ana moyo! Na wazazi wake?"

"Hawajui. Anaogopa."

"Wazazi gani hao wa kuogopwa! Mtoto anasema anachotaka, si jambo la kushukuru hilo? Mwambie mimi nimesema aende. Mwambie wakimfukuza aje hapa." Akamfungia mkate mzito wa kumpelekea, na Zinash akaenda kuula na walinzi wa duka la dawa alikofanya kazi, huku machozi yanamtoka na hasemi ni ya nini. Aliwaambia ni vitunguu.

Mkate haukuwa na kitunguu.

Kwa hiyo Zinash akaomba kazi ya treni. Kwa jina lake mwenyewe, hilo angalau. Akafaulu mtihani wa kwanza, akafaulu wa pili, akaitwa mji wa Adama kwa majaribio ya mwisho, Jumamosi hadi Jumanne. Siku nne! Mtu ambaye dakika ya kumi na tano ilikuwa na kesi atapata wapi siku nne? Aliwaza wiki nzima. Harusi? Mama atadai picha. Semina ya kazini? Mama atampigia bosi, na namba ya bosi anayo. Ijumaa jioni, kwa haraka, bila kufikiri, akamuua baba yake Selam.

Hapo ndipo nikasema, lo, huyu fundi leo kajikata kidole. Ua mjomba wa mtu kule ughaibuni! Vunja mguu wa bibi! Lakini mtu wa Addis unamwambia kuna msiba, halafu unategemea abaki nyumbani kwake? Kwetu hata uliyegombana naye ukisikia kafiwa unavaa shela nyeupe unakwenda kulia. Kutokwenda kwenye msiba ni kujitoa katika watu.

"Nenda," Mama alisema, macho yamejaa maji. "Kaa naye hadi mwisho. Asilie peke yake."

Hakuuliza ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu simu zianze kuonyesha sura, hakuuliza ukuta.

Zinash akaenda Adama, na kule alikuwa mtu mwingine. Aliendesha mtambo wa kujifunzia, akasimamisha treni ya bandia pale pale ilipotakiwa, mkufunzi akampigia makofi. Jumanne asubuhi wakaitwa majina, lake la tatu. Kisha wakaambiwa: Ijumaa saa nne, ofisini Addis, kila mmoja aje na mdhamini. Mtu mwenye mshahara na barua ya mwajiri, atie sahihi kwamba anakufahamu na kwamba wewe ni mtu wa kuaminika. Asiye na mdhamini, nafasi yake inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Njia nzima ya kurudi alipekua kichwani. Bosi wa duka la dawa? Alishamwambia ana pumu, apate mapumziko. Shangazi? Yule alidhani Zinash amechumbiwa na daktari. Kila mtu alikuwa na Zinash wake, na hakuna wawili waliofanana. Akiwaita wote chumba kimoja, wasingejua wanamzungumzia mtu mmoja.

Aliingia uani saa saba mchana, akakuta gari limewashwa. Lada kuukuu ya Mzee Tadele, mzee kwenye usukani, mabega yamekaa juu. Kiti cha nyuma amekaa Bi Tsehay, katibu wa chama cha maziko cha mtaa, sufuria la ngano na maharage ya msibani limemlalia mapajani. Na Mama amesimama mlangoni, shela ameigeuza pindo la urembo likae juu shingoni, kama anavyovaa mtu aliyefiwa.

"Umekuja wakati mzuri," Mama alisema. "Panda, utuonyeshe njia."

"Njia ya wapi?"

"Kwao Selam! Siku nne nakupigia hupatikani, na mimi sijui nyumba. Aibu iliyonipata hapa sitaki kuisema. Mtoto amekula mkate wangu miaka sita, amefiwa na baba, na mimi nimekaa kama jiwe! Panda."

"Mama, ni mbali, ni Sebeta huko…"

"Gari lina mafuta," alisema Bi Tsehay kutoka nyuma, kiherehere kimemjaa. "Tulichanga."

Akapanda. Angefanya nini? Kichwa kilikuwa kinafanya kazi mbio mbio. Kushoto hapa. Nyoosha. Hapana, kulia. Mzee Tadele alimtazama kwenye kioo mara moja, akarudisha macho barabarani. Walipofika Sebeta, baada ya kupita duka moja la vyuma mara tatu, Zinash akaliona: hema la turubai limefungwa katikati ya barabara, mabenchi, wanaume wa shela begani. Msiba! Msiba wa watu, wa kweli kabisa. "Pale," akasema, na hata yeye aliona haya jinsi sauti ilivyotoka nzuri.

Sasa kuhusu kulia, Bi Yeshimebet hana mpinzani Gulele nzima. Hakulifikia hema kabla sauti yake haijafika. "Baba wee! Baba wa Selam! Umemwachia nani mtoto mwenye tumbo bovu?" Alijipiga kifua, shela ikateleza, wanawake wakainuka kumpokea, wakalia naye, na watu waliokuwa wameshachoka siku ya nne msiba ukawarudia upya. Alipofika mbele akainua macho atazame picha ya marehemu. Picha ilikuwa ya bibi kizee wa miaka tisini, kicheko bila meno.

"Baba" ya mwisho ikafia kooni.

Lakini ustaarabu ni ustaarabu. Hakuna anayemuuliza mtu aliyekuja kulia kwamba wewe ni wa nani. Mwana wa marehemu akawashika mikono, akawashukuru kwa kutoka mbali, akawakalisha. Bi Tsehay akakabidhi sufuria. Wakawekewa injera, ile mikate yetu myembamba, na shiro. Bi Yeshimebet akamega tonge, akalishika, akainama kwa binti yake.

"Zinash. Selam yuko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari! Ulikuja wenyewe, umeshaoga: Mama, tumekosea hema, kwao Selam ni mtaa wa nyuma, na jana wamesafirisha maiti kwenda Gojjam, wote wameondoka. Uongo mzuri. Mama angeumeza na tonge lake. Zinash alishafungua mdomo.

Ndipo Mama akatoa kifuko cha kitambaa kwenye mkoba. "Nilitaka kumpa hiki," alisema. Ndani mlikuwa na hereni za fedha za bibi yake Zinash, zile alizokuwa akiambiwa tangu utoto hajakua vya kutosha kuzivaa. "Na nilitaka nimwambie aje akae kwetu. Chumba chako kitatosha vitanda viwili. Yule mtoto ananiambia mambo yake, Zinash. Kupitia kwako, lakini ananiambia. Wewe huniambii kitu."

Zinash aliona wivu. Naam, wivu, alimwonea wivu mtu aliyemtunga mwenyewe.

"Mama, hakuna Selam."

"Kaenda wapi?"

"Hajaenda. Hakuwepo. Ni mimi."

Bi Yeshimebet alirudisha tonge kwenye sinia. Alimwangalia binti yake muda mrefu, halafu hereni, halafu bibi kizee asiye na meno. Kisha akajitupia shela usoni na kulia kilio ambacho Sebeta haijapata kukisikia. "Selam mwanangu! Selam wangu eee!" Hakikuwa kile cha mbele ya picha. Hiki kilimtoka tumboni, na wanawake wa pale, bila kujua Selam ni nani, wakalia naye kwa heshima zote. Kikongwe mmoja akamwambia jirani yake, "Unamsikia? Hawa ndio waliokuwa wanampenda dada yangu." Bi Tsehay, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alitafuna polepole sana asije akapitwa na jambo.

Lada ilipoingia mjini ndipo Mama akauliza:

"Ile mikate nani alikuwa anakula?"

"Mimi. Na walinzi."

"Nani hapendi ufamasia?"

"Mimi, Mama."

"Nani anataka kuendesha treni?"

"Mimi. Nimefaulu. Nilikuwa Adama."

Mzee Tadele akakohoa. "Si ulisema mwenyewe wazazi wake wamwache?"

"Tadele, endesha!"

"Naendesha. Ila maadamu leo tunasemezana," akasema mzee, masikio yamemwiva, "ile semina yangu ya Biblia ya Alhamisi ni kucheza dama. Miaka tisa sasa."

Bi Tsehay akafunga macho kwa raha. Aliomba wampitishe hata mtaa wa pili, safari isiishe.

Jumatano Bi Yeshimebet hakusema na mtu. Mkoba wa Zinash ulikaa mezani siku nzima na hakuugusa. Aliuzunguka tu mara nyingi kuliko kawaida. Alhamisi, akipika kahawa, akauliza bila kugeuka:

"Unaipenda na sukari au bila?"

Zinash akatafuta uso wa kuangalia, akaona mgongo. Akajaribu kutafuta ndani kwake. Hakupata kitu.

"Sijui, Mama."

"Miaka ishirini na minne hujui?"

"Nilikuwa naangalia kwanza wewe unatakaje."

Mama akamimina vikombe viwili, kimoja na sukari, kingine bila, akamsogezea vyote, akatoka nje kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Zinash hakumwomba udhamini. Alitaka, mdomo ukakataa. Unamwambiaje mtu uliyemliza kwenye msiba wa wageni, njoo useme mimi ni mtu wa kuaminika? Alimweleza habari hiyo baba yake tu, na baba ni mstaafu, sahihi yake haikubaliki. Ijumaa asubuhi alijivalia, akaamua kwenda hivyo hivyo, mikono mitupu, awaambie kweli, nafasi wampe mwingine.

Alimkuta Mama kwenye benchi la ofisi, ameshafika kabla yake. Amevaa suti ya siku za wakaguzi wa shule, barua ya mwajiri imekunjwa mara mbili mkononi.

"Umechelewa dakika sita," alisema. Akajiuma mdomo. "Haya. Tuingie."

Karani alikuwa kijana mpole mwenye miwani na foleni ndefu. Akasoma barua, akaridhika, akaanza kujaza fomu haraka haraka, kalamu haipumziki. Jina la mdhamini. Mwajiri. Uhusiano: mama mzazi. Alipofika kwenye swali la umemfahamu mwombaji kwa muda gani hakuinua hata macho, akaandika mwenyewe, miaka ishirini na minne.

"Futa hapo," alisema Bi Yeshimebet.

"Kwani ana mingapi?"

"Ishirini na minne anayo. Nimekwambia futa. Mimi siwezi kutia sahihi uongo."

Kijana akavua miwani. Zinash aliona nafasi yake inakwenda, akaitazama inavyokwenda, na hakuizuia, maana Mama alikuwa na haki.

"Basi mama, niandike tangu lini?"

Bi Yeshimebet akamgeukia binti yake. Akamkagua, juu hadi chini, kama alivyomkagua siku zote. Ila safari hii alikuwa kama mtu anayetafuta kitu na kuomba akipate. Akachukua kalamu mkononi mwa karani, akakata ile miaka kwa mstari mmoja, akaandika mwenyewe kwa hati ya ubaoni: Tangu Jumanne.

Halafu akashuka chini, penye swali la kama mwombaji ni mtu wa kuaminika, akaandika ndiyo, akatia sahihi.